Nafsi ya Kwanza: Kaulimbiu za Utani na Saratani ya Matiti Nchini Marekani

Tarehe 5 Agosti 2013, majaji 14 wa Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho yenye makao yake Philadelphia, Marekani, walitoa hukumu iliyosimama juu ya maana ya neno moja. Neno hilo lilikuwa limechapwa kwenye bangili ya mpira ya dola chache, na bangili ilikuwa imevaliwa na wasichana wawili, mmoja wa darasa la saba na mwingine wa darasa la nane, katika mji wa Easton, jimbo la Pennsylvania. Maandishi yake yalisomeka: "I ♥ boobies!" Ukiyatafsiri kwa haraka utasema "Napenda matiti!", lakini mwenye sikio la lugha atasita papo hapo. Matiti kwetu ni neno la zahanati, la uzazini na la methali. Neno lile la Kiingereza cha Marekani ni la kitoto na la kihuni kwa wakati mmoja: mtoto hulitamka bila haya, na vijana wa kiume hulitamka wakikonyezana. Mizigo hiyo miwili haikai pamoja katika neno letu lolote moja, na ugomvi wote wa Easton ulitokana na kukaa kwake pamoja.

Kisa chenyewe ni kifupi. Taasisi ya Keep A Breast ya California ilikuwa ikiuza bangili hizo ili kuwavuta vijana wazungumze juu ya saratani ya matiti. Jina la taasisi nalo ni mchezo wa maneno: ukiliunganisha linasema "kwenda sambamba na mambo", ukilitenganisha linasema "kubaki na titi". Mnamo Oktoba 2010 shule ikapiga marufuku bangili. Tarehe 28 ya mwezi huo wasichana wale wakazivaa, wakakataa kuzivua, wakasimamishwa masomo kwa siku moja na nusu. Familia zao zikaenda mahakamani kwa msaada wa ACLU, jumuiya ya kutetea haki za raia. Mwaka 2011 jaji wa kwanza aliwapa haki. Shule ikakata rufaa. Mwaka 2013 majaji tisa dhidi ya watano wakawapa haki tena. Na Machi 2014 Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa kuisikiliza kesi hiyo, mambo yakaishia hapo.

Wanasheria huipenda kesi hii kwa hoja zao. Watunzi wa mashairi wana sababu yao ya kuipenda, kwa maana ni kesi ya fumbo. Kabla yake kulikuwa na hukumu mbili kubwa. Ya mwaka 1969 iliwaruhusu wanafunzi kuvaa vitambaa vyeusi mikononi kupinga vita vya Vietnam. Ya mwaka 1986 iliiruhusu shule kumwadhibu mwanafunzi aliyemnadi mwenzake katika uchaguzi wa wanafunzi kwa hotuba iliyojaa ishara za ngono tangu mwanzo hadi mwisho. Hotuba ile haikuwa na tusi hata moja. Ilikuwa ni fumbo tupu, maneno ya kawaida yaliyopangwa kwa namna ambayo kila msikilizaji alijua yanakokwenda, na mahakama ilisema kwamba fumbo la namna hiyo laweza kuadhibiwa kama lilivyo tusi. Sasa majaji wa Philadelphia walitakiwa waseme bangili iko upande gani. Walijibu kwamba maneno yaliyo machafu waziwazi shule yaweza kuyazuia. Lakini maneno yenye utata, yanayoweza kusomwa kwa uchafu na yanayoweza pia kusomwa kuwa ni kauli juu ya jambo la jamii, hayo shule haiwezi kuyazuia kwa kisingizio cha uchafu. Majaji watano waliopinga waliona mlango umefunguliwa mno. Mahakama nyingine za ngazi ya chini, ya Wisconsin mwaka 2012 na ya Indiana mwaka 2013, ziliamua kinyume juu ya bangili ileile. Neno moja, nchi moja, sheria moja, na tafsiri zikagongana.

Mimi naona majaji tisa walikuwa sahihi. Serikali isipewe kalamu ya kufuta kila neno lenye sura mbili, maana ikipewa haitabaki tenzi wala taarabu. Lakini mahakama iliulizwa kama neno linaruhusiwa. Haikuulizwa kama linafaa, na mambo hayo mawili yamechanganywa tangu siku ile: anayetilia shaka kaulimbiu huitwa mshamba au adui wa uhuru, na anayeitetea huonyesha hukumu kama cheti. Ili kulijibu swali la kufaa inabidi turudi nyuma, tutazame namna Wamarekani walivyolinyamazisha neno, kisha wakalifungua, kisha wakaligeuza mzaha.

Husimuliwa kisa, na Siddhartha Mukherjee amekirudia katika kitabu chake cha historia ya saratani cha mwaka 2010, kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1950 mwanamke mmoja aliyepona saratani ya titi alilipigia simu gazeti la New York Times akitaka kuchapisha tangazo la kikundi cha wanawake waliopitia ugonjwa huo. Akajibiwa kwamba gazeti haliwezi kuchapa neno "titi" wala neno "saratani". Akashauriwa aandike kwamba ni mkutano wa maradhi ya ukuta wa kifua. Sisi tunayo tafsida ya namna hiyo. Mwanamke wa Kiswahili naye atasema ana "tatizo la kifuani" na wenziwe wataelewa au watajifanya hawakuelewa. Tafsida ni adabu ya lugha, na sina ugomvi nayo. Tatizo ni pale inapomfanya mtu asijue aende kwa daktari yupi.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba kabla ya hapo Amerika nzima ilikuwa bubu. Jumuiya ya madaktari ya kupambana na saratani iliundwa mwaka 1913, na mwaka huohuo jarida la wanawake la Ladies' Home Journal lilichapa makala ya wazi kuhusu ugonjwa huo. Mwaka 1936 likaundwa Jeshi la Wanawake, watu wa kujitolea waliokwenda mji kwa mji wakihimiza wenzao wasichelewe kumwona daktari. Maneno yalikuwepo. Kilichokosekana ni nafsi. Madaktari walisema "nyinyi wanawake". Magazeti yalisema "wao wagonjwa". Ile nafsi ya kwanza umoja, mimi niliyekatwa, ilikuwa haijapata mahali pa kusimama hadharani. Mwandishi wa riwaya wa Kiingereza Fanny Burney, aliyekatwa titi mjini Paris tarehe 30 Septemba 1811 bila dawa ya usingizi, aliandika kila kitu alichokihisi chini ya kisu. Aliyaandika katika barua kwa dada yake, na waliokuwa nje ya familia waliyasoma baada ya kifo chake. Zaidi ya karne moja baadaye hali haikuwa imebadilika sana.

Aliyeanza kuibadilisha alikuwa Terese Lasser wa New York, aliyekatwa titi mwaka 1952. Aliamka hospitalini akiwa na maswali ambayo hakuna daktari aliyetaka kuyajibu: nitauinuaje mkono, nitavaa nini, nitamwambia nini mume wangu. Akaanza kuwatembelea wagonjwa wengine vitandani, mara nyingi bila idhini ya madaktari, na kikundi chake cha Reach to Recovery kikachukuliwa mwaka 1969 na jumuiya kuu ya saratani ya nchi hiyo. Mwaka 1972 mwigizaji Shirley Temple Black, aliyekuwa kipenzi cha taifa tangu utotoni, alitangaza mwenyewe kwamba ameondolewa titi. Kisha Septemba 1974, wiki chache tu baada ya mumewe kuapishwa kuwa rais, Betty Ford alifanyiwa upasuaji, na Ikulu haikuficha. Wanawake walifurika kwenye vituo vya uchunguzi kiasi kwamba idadi ya saratani zilizogunduliwa ilipanda ghafla kwenye takwimu za nchi. Hakukuwa na mzaha wala mchezo wa maneno. Mwanamke mmoja mashuhuri alisema "nimeugua", na neno likapita.

Mwandishi wa habari Rose Kushner aliugua mwaka huohuo, 1974, na akaligeuza suala kuwa la haki. Utaratibu wa wakati ule ulikuwa wa kutisha: mwanamke mwenye uvimbe alilazwa usingizi ili kipande kipimwe, na kama kilikuwa na saratani titi lilikatwa palepale kabla hajazinduka. Alisaini karatasi asijue ataamka na nini. Kushner alidai hatua hizo mbili zitenganishwe ili mgonjwa apate nafasi ya kufikiri na kusema, akaandika kitabu, akawasumbua madaktari kwenye mikutano yao, na mwaka 1979 jopo la wataalamu la taasisi za taifa za afya likakubali kwamba utaratibu ule uachwe. Natamani kisa hiki kingejulikana zaidi. Hapa neno lilizaa kitu kinachoshikika: mwanamke akapewa siku ya kuamua.

Hapo ndipo anapoingia mshairi. Audre Lorde, aliyezaliwa New York mwaka 1934 kwa wazazi kutoka visiwa vya Karibi, alipatwa na hofu ya kwanza mwaka 1977, uvimbe ukaonekana si saratani, na mwaka huohuo akazungumza mbele ya mkutano wa wasomi wa lugha na fasihi kuhusu gharama ya kukaa kimya. Mwaka uliofuata saratani ikaja kweli na akaondolewa titi moja. Kitabu chake cha shajara za saratani kilitoka mwaka 1980, na kwa maoni yangu hakuna maandishi mengine juu ya maradhi haya yanayostahili kusomwa na mtunzi kabla ya hayo.

Anasimulia jinsi mama mmoja wa kujitolea alivyomjia hospitalini, mwema, mchangamfu, akiwa na sidiria laini na donge la sufi lenye umbo la titi ili alitie mahali palipobaki wazi. Donge lilikuwa la rangi ya waridi iliyofifia. Lorde alikuwa mwanamke mweusi. Alilijaribu mbele ya kioo, akaliona limekaa pale bila uhai wala kufanana na chochote alichowahi kuwa nacho, akaliondoa. Siku kadhaa baadaye alikwenda kwa daktari wake bila donge, na muuguzi akamwonya kwamba anavunja moyo wa wagonjwa wengine. Akauliza kwa nini Moshe Dayan, jemadari wa Israeli mwenye chongo na kitambaa juu ya jicho, haambiwi atie jicho la kioo ili watu wasisikitike. Hoja yake ilikuwa wazi: wakimfichia jeraha lake, wanawake wenye jeraha kama lake hawatatambuana, na wasipotambuana hawatadai lolote. Aliwaza jeshi la wanawake wa titi moja likiingia katika Bunge la nchi kudai homoni zisitiwe katika chakula cha ng'ombe wa nyama.

Lorde alifariki katika kisiwa cha St. Croix tarehe 17 Novemba 1992. Mwaka huohuo utepe wa waridi ulizaliwa.

Utepe nao una asili ambayo wengi wanaouvaa hawaijui. Mwanamke mmoja wa California, Charlotte Haley, aliyekuwa na ndugu zake wa kike walioupata ugonjwa huo, alikuwa akisokota tepe mezani kwake nyumbani, tepe za rangi ya tunda la pichi, na kila fungu aliliambatanisha na kadi. Kadi ilisema kwamba bajeti ya taasisi ya taifa ya saratani ni dola bilioni 1.8 kwa mwaka na asilimia 5 tu ndiyo inayokwenda kwenye kinga. Ikamtaka anayeupokea utepe asaidie kuwaamsha wabunge. Jarida la Self na kampuni ya vipodozi ya Estée Lauder walipotaka kuutumia utepe wake alikataa, akihofia biashara. Mawakili wakashauri ibadilishwe rangi tu. Rangi ikawa waridi, na kadi yenye hesabu haikufuata. Bilioni na asilimia zikapotea, rangi ikabaki. Mtu akiniuliza historia ya kaulimbiu zilizofuata inaanzia wapi, nitamwambia inaanzia pale kadi ilipoachwa nyuma.

Tangu hapo kilichouzwa kwa jina la ugonjwa kilianza kuwa laini na kitamu. Mwandishi Barbara Ehrenreich, aliyeugua mwaka 2000, alilieleza jambo hili mwaka uliofuata katika jarida la Harper's kwa hasira iliyopimwa: alishangaa kuona wanawake wazima waliokabiliwa na kifo wakigawiwa vikaragosi vya dubu, ilhali wanaume wenye saratani ya tezi dume hawapewi vigari vya kuchezea. Ndani ya miaka michache kile kitoto kikawa cha kihuni. Zikaja fulana za "Save the Ta-Tas", yaani okoeni vile vya kubofyabofya. Zikaja za "Save Second Base". Hii ya pili yahitaji maelezo: vijana wa Marekani hupima hatua za mapenzi kwa vituo vya mchezo wa besiboli, na kituo cha pili ni kushika matiti. Basi okoeni kituo cha pili. Taasisi nyingine ikajiita Feel Your Boobies, na hii nitaitofautisha na wenzake, kwani angalau inamwambia mwenye titi alishike titi lake.

Januari 2010 ukaenea mchezo kwenye Facebook: wanawake waliambiana kwa siri waandike rangi ya sidiria zao, neno moja tu, "nyeusi", "nyeupe", ili wanaume wabaki wakijiuliza. Oktoba ya mwaka huo ukaja wa pili: andika unapopenda kuuweka mkoba wako unapofika nyumbani, lakini usiutaje mkoba, ili sentensi isomeke kwa namna nyingine. Michezo yote miwili ilisemwa kuwa ni ya kuamsha watu juu ya saratani ya matiti. Iliyoandikwa ukutani haikuitaja saratani, wala daktari, wala uchunguzi, na katika mchezo wa pili hata titi lenyewe halikuwemo.

Watetezi wanayo hoja ya haki, na sitaipita kwa dharau. Keep A Breast ilianza mwaka 2000 kwa sanaa, vinyago vya plasta vilivyofinyangwa juu ya vifua vya wanawake kisha vikachorwa na wasanii. Walichotaka ni kuondoa aibu. Msichana wa miaka 13 hasomi kijitabu cha hospitali. Huenda kwenye tamasha la muziki, huvaa anachovaa mwenzake, na akiulizwa bangili yake ina maana gani analazimika kueleza. Hofu pekee, wanasema, haifundishi: aliyetishwa hujificha. Haya ni kweli. Na shule ya Easton haikuwa na hoja nzito ilipolalamika kwamba ikiruhusu bangili hizo kesho zitakuja za korodani. Zikija zije, korodani nazo hupata saratani, tena kwa vijana.

Kasoro naiona mahali pengine, katika sarufi. Kaulimbiu inasema "Napenda". Nani huyo anayesema? Mwenye titi hasemi hivyo juu ya titi lake. Hiyo ni sauti ya mtazamaji. Katika "kituo cha pili" msemaji ni kijana wa kiume waziwazi. Katika "okoeni" kinachookolewa ni kile kiungo, kana kwamba mwanamke ni mfuko tu wa kukibebea. Na sasa mfikirie anayesoma. Umri wa kati wa mwanamke wa Marekani anapogunduliwa kuwa na saratani hii ni karibu miaka 62. Wengi huokolewa kwa njia ya kulipoteza titi lenyewe: ili yeye apone, hicho kinachopendwa na fulana lazima kiondoke. Aliyesimama kwenye foleni ya duka akiwa na upande mmoja bapa anasoma mgongoni mwa aliye mbele yake kwamba kinachostahili kuokolewa ni kile ambacho yeye hanacho tena. Hapo hajatukanwa na neno chafu. Ametolewa katika sentensi, kama Lorde alivyotaka kutolewa kwa donge la sufi. Nao wanaume, ambao ni kama mgonjwa mmoja katika kila mia, hawakuwahi kuwemo. Wale ambao saratani imekwisha kusambaa mifupani na kwenye mapafu walilazimika kutafuta siku yao wenyewe. Mwaka 2009 Bunge la Marekani likawatengea tarehe 13 Oktoba, siku moja ndani ya mwezi mzima wa waridi.

Nikizilinganisha zama mbili naona kitu cha ajabu. Katika kisa cha miaka ya 1950 maneno mawili yalifichwa, titi na saratani. Mwaka 2010 moja likapigiwa kelele, na kelele hizo zikawa namna mpya ya kulificha la pili. Maneno yaliyokuwa kwenye bangili ya Easton yalikuwa ni ule upendo na jina la taasisi, ugonjwa haukutajwa. Tumezoea kufikiri kwamba tafsida huwa ya upole na staha. Huu ni mfano wa tafsida chafu, uchafu unaofanya kazi ileile ya staha: kumsaidia msemaji asitaje kifo.

Na kujua tu kwamba ugonjwa upo hakutoshi. Huko Shanghai wanawake zaidi ya 266,000 wafanyakazi wa viwanda walishirikishwa katika utafiti mkubwa. Nusu yao wakafundishwa kwa bidii kujichunguza matiti. Matokeo ya mwaka 2002 yalionyesha kwamba vifo havikupungua kwa waliofundishwa. Jumuiya ya saratani ya Marekani ikalegeza ushauri wake juu ya kujichunguza kwa ratiba, ingawa bado inawataka wanawake wayajue maumbile yao na waseme mara waonapo badiliko. Ikiwa hata mafunzo ya kweli yana mipaka, fulana yenye utani itadai nini?

Kwetu jambo hili si la mbali, kwa kuwa kila Oktoba utepe wa waridi hufika Dar es Salaam na Nairobi pamoja na kampeni zake, na mabango lazima yaandikwe kwa Kiswahili na mtu fulani, pengine mmoja wenu. Na kwetu kuchelewa ndiko kunakoua: wagonjwa wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa katika hatua ya tatu au ya nne. Tunalo neno saratani, lililotoka Kiarabu likiwa na maana ya kaa, yule mnyama wa pwani, kama lilivyo neno la Kigiriki walilolitumia waganga wa kale. Ni neno lisilo na tusi wala mzaha. Na neno titi kwetu lina heshima ambayo wenzetu wa Marekani wameipoteza: ipo methali inayosema utamu wa titi la mama haupungui hata mama akiwa mbwa, na Shaaban Robert aliitumia kukisifu Kiswahili chenyewe. Lugha yetu imefananishwa na titi mbele ya watoto wa shule, na hakuna aliyesimamishwa masomo.

Si kwamba hatuna lugha ya kukonyeza. Tunayo, na ya kutosha. Kanga ni bango lililovaliwa mwilini tangu karne ya 19, na majina yake mengi yana ncha mbili. Unyagoni somo humtajia mwari kila kiungo kwa jina lake, bila tafsida, kwa nyimbo ambazo zikiimbwa barabarani zitaleta ugomvi. Lakini kanga humjua mlengwa wake, na somo anasema mlango ukiwa umefungwa, mwanamke kwa mwanamke, naye anamwambia mwari juu ya mwili wa mwari. Ukali wa neno umepewa nyumba. Sasa chukua ule msemo wa vijana wa mitaani, "chuchu saa sita", uuchape kwenye fulana za matembezi ya hisani, umpe mama wa miaka 55 aliyetoka kwenye tibakemikali Ocean Road aivae. Sidhani kama kuna mtunzi atakayehitaji kuelezwa kilichoharibika, ingawa hakuna neno hata moja katika msemo huo ambalo mahakama ingeweza kulifunga.

Keep A Breast yenyewe, sambamba na bangili ya mapenzi, ilitoa nyingine iliyosema "Check yourself". Kwa Kiingereza ni maneno mawili, na ni ya kawaida mno kwa duka la fulana. Kwa Kiswahili ni neno moja, jichunguze, lenye kiambishi ji kinachomrudisha mtenda kwenye nafsi yake. Anayesema hajitaji. Anayeambiwa ndiye mwenye mwili.